Kabla ya viza, hebu tuongee kuhusu usajili

Umemaliza kozi ya fiziotherapia, eksirei au maabara. Leseni ya hapa nyumbani unayo, kazi ndiyo huna. Kaunti ikitangaza nafasi, foleni ni ya kutisha. Halafu kwenye WhatsApp anatokea ajenti, lugha tamu, anakwambia ukituma laki kadhaa Krismasi itakukuta Uingereza. Viza iko tayari, anasema. Kilichobaki ni pesa na pasipoti.

Tulia kwanza. Viza huja mwisho. Anayekuanzishia hapo ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Kule Uingereza hakuna anayeruhusiwa kujiita fiziotherapisti, radiografa au mtaalamu wa lishe bila kusajiliwa na baraza liitwalo HCPC, ambalo husimamia taaluma 15. Usilichanganye na NMC, baraza la wauguzi. Wengi wamepotea hapa kwa kufuata ushauri wa binamu ambaye ni nesi, ilhali njia zao ni tofauti kabisa. HCPC haianzi kwa kukuita mtihani. Inachukua silabasi yako, saa ulizosoma darasani na ulizokaa wodini, kisha inazilinganisha na viwango vyake. Palipopungua, inaangalia uzoefu wako kazini. Pengo likibaki, unaweza kutakiwa ufanye mtihani au ufanye kazi kwa muda chini ya usimamizi.

Ada ya ukaguzi huo inapita pauni 500, na hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa hivyo fomu ya kujazwa mbiombio ni hasara ya kujitakia. Kwa wanaofanya IELTS, kiwango ni 7.0 bila sehemu yoyote kushuka chini ya 6.5. Usidhani kwa sababu ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza basi ni mteremko. Sehemu ya kuandika huwaangusha wajuaji. Tena fanya IELTS Academic ya UKVI, ile inayotambuliwa na idara ya viza, usije ukalipia mtihani mara mbili.

Na maafisa wa kliniki? Tuambiane ukweli: taaluma yenu, inayobeba hospitali nyingi za mashinani hapa Kenya, Uingereza haina. Hakuna daftari la kukusajili kwa jina hilo. Ajenti akikuahidi kazi ya afisa wa kliniki Manchester, kata simu.

Kinachotuudhi zaidi ni kwamba kikwazo kikubwa mara nyingi kiko papa hapa nyumbani. HCPC inataka maelezo ya kozi yako kutoka chuoni. Unaenda, unaambiwa rudi wiki ijayo. Ukirudi, mwenye muhuri yuko semina. Mhadhiri aliyekufunza alistaafu, na silabasi ya mwaka wako haijulikani iliko. Barua ya baraza la taaluma nayo ina safari yake. Vyuo vinavyopokea karo kila muhula vinashindwaje kuweka faili moja ya kila kozi, yenye saa na mada, ya kumpa mhitimu siku anayoiomba? Kuchelewa huku ndiko kunampa ajenti soko. Kijana aliyechoka kuzungushwa huona afadhali alipe "mtu anayejuana na watu".

Ukishasajiliwa, sasa tafuta mwajiri. Lazima awe na leseni ya serikali ya Uingereza ya kuajiri wageni, na orodha ya wenye leseni iko wazi mtandaoni, bure. Yeye ndiye anayekupa cheti cha udhamini. Unapewa, huuziwi. Kanuni zao za kuajiri wahudumu wa afya zinakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Kenya pia imo kwenye orodha ya nchi ambazo ajenti haruhusiwi kwenda kuvuna wahudumu nje ya makubaliano ya serikali hizi mbili. Lakini wewe mwenyewe kutuma ombi moja kwa moja kwa mwajiri, hakuna anayekuzuia.

Viza ya wahudumu wa afya ni nafuu kuliko ile ya kawaida ya kazi, na inakuondolea ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa mwaka. Ukiitishwa pesa za "ada ya NHS", unaibiwa. Utahitaji cheti cha maadili mema kutoka DCI na kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki inayotambuliwa, kama ile ya IOM Nairobi. Cheti cha TB hudumu miezi 6, kwa hivyo usikikimbilie mapema.

Ile njia ya kwenda kuwa mlezi wa wazee ukingoja mambo yako yanyooke? Kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza ilifungwa Julai 22, 2025. Anayekuuzia leo akiwa Nairobi anakuuzia hewa.

Serikali nayo ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021, lakini gumzo limekuwa la wauguzi tu. Watu wa maabara, eksirei na fiziotherapia wanafaa kuambiwa waziwazi nafasi yao ni ipi.

Wewe usingoje tangazo. Jumatatu pitia chuoni uitishe silabasi ya mwaka uliosoma, si ya mwaka huu, na usiondoke bila muhuri kila ukurasa.