Mgonjwa aliye nyuma ya nondo ni amana ya nani?

  

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja mjini Karatu, tulipokwisha kuswali, alinijia mzee mmoja, mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola. Binti yake amehitimu masomo ya uuguzi na anataka kuomba ajira katika Jeshi la Magereza. Mama mtu analia. Majirani wanauliza: mtoto wa watu wa heshima amekosa hospitali hata akafunge vidonda vya wezi? Mzee akaniuliza, "Sheikh, nimzuie?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba asimzuie. Leo natoa jibu refu, kwa kuwa naamini wazazi wenye swali hilo ni wengi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Muuguzi wa gereza katika nchi yetu kwa kawaida ni askari pia. Hupitia mafunzo ya uaskari, huvaa sare na huwa na cheo. Mahali pake ni zahanati ya gereza. Hapo huwapima wanaoingia, huwapa dawa wenye kisukari na shinikizo la damu, husafisha vidonda, na huangalia nani amekonda na nani amenyamaza kupita kiasi. Mtu akizidiwa usiku, mara nyingi neno la muuguzi ndilo linaloamua iwapo mgonjwa atasubiri kupambazuke au atatolewa apelekwe hospitali. Tukumbuke pia kwamba gerezani wamo wanawake, na baadhi yao ni wajawazito au wananyonyesha. Kila mzazi mcha Mungu akimzuia binti yake, akina mama hao watashikwa na mikono ya nani?

Pili, tuulize ni nani aliyeko gerezani. Wengi husema "wahalifu", wakadhani wamemaliza maneno. Lakini nyuma ya nondo zile wamo mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa, na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Watu wa Ngorongoro hawana haja ya kusimuliwa jambo hili. Juni 2022, katika mgogoro wa mpaka wa Loliondo ambamo askari polisi mmoja aliuawa, watu zaidi ya 20, wakiwamo madiwani, walishtakiwa kwa mauaji wakawekwa rumande Arusha, mbali na kwao. Novemba mwaka huohuo kesi iliondolewa mahakamani, nao wakarejea nyumbani. Sikusudii hapa kuuamua mgogoro ule. Nauliza tu: katika miezi ile, mmoja wao alipopatwa na homa, alikuwa mgonjwa wa nani? Na Nabii Yusuf (A.S.), aliyekaa gerezani miaka bila kosa, angeumwa, je, tungesema muuguzi wake anahudumia wezi?

Na yule aliyetiwa hatiani kwa haki? Yeye naye hakimu amemhukumu miaka; hakumhukumu kifua kikuu. Adhabu yake ni kunyimwa uhuru. Kumwongezea maradhi yasiyotibiwa ni kumpa adhabu ambayo mahakama haikuitamka, na hiyo ni dhulma.

Nimekitaja kifua kikuu kwa makusudi. Ugonjwa huu huenea kwa hewa, nao hupenda vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha upepo. Dawa zake katika nchi yetu hutolewa bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Lakini mahabusu hatulii mahali pamoja: leo yuko gerezani, kesho amehamishwa, keshokutwa amepata dhamana. Akiikatiza dozi, ugonjwa waweza kuwa sugu, na kuutibu kukawa kuzito zaidi. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo mwaka 2009, na wanaoifahamu kazi yake wanajua gharama ya dozi iliyokatizwa. Mfungwa akitoka hupanda basi lilelile tunalopanda sisi, akaja Karatu, Endulen au Wasso kulala na watoto wake. Kikohozi hakizuiwi na mlango wa chuma. Anayemtibu mfungwa anatukinga sisi sote.

Nakiri hapa kosa langu. Miaka mingi iliyopita kijana wa mtaa niliokuwa nikiishi aliwekwa rumande kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe. Mama yake aliniomba nikamtazame, kwa kuwa alikuwa akikohoa. Nilitoa udhuru kwamba nina darsa. Aliyekisikiliza kikohozi kile ni muuguzi wa gereza, mtu asiye wa dini yetu. Alimpima makohozi, akamwanzishia dawa, na kijana alipoachiwa ghafla akamwandikia barua ya kumpeleka zahanati ya jirani na kwao amalizie dozi. Kijana yule alirudi kulala chumba kimoja na wadogo zake wanne. Hakuna aliyeugua. Mimi niliyekuwa nikifundisha fadhila za kumzuru mgonjwa sikuwa na sehemu katika kheri ile.

Ulimwengu nao umekwisha kuona umuhimu wa jambo hili. Mwaka 1988 mfungwa mmoja wa Afrika Kusini aligunduliwa kuwa na kifua kikuu baada ya zaidi ya miaka 25 kifungoni. Alitolewa akatibiwa, akapona. Mfungwa huyo ni Nelson Mandela, na mwaka 1994 akawa Rais wa nchi yake. Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa zilizopewa jina lake. Zinataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kilekile wanachopata raia wengine, na maamuzi ya tiba yafanywe na wataalamu wa tiba, wala yasitanguliwe na amri ya asiye mtaalamu.

Kwetu Waislamu hili si geni. Katika Suratul Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa. Mwanzoni mwa karne ya 10, waziri Ali bin Isa alimwandikia tabibu mkuu wa Baghdad, Sinan bin Thabit, akamtaka atenge matabibu wa kuingia magerezani kila siku wakiwa na dawa, kwa sababu wafungwa hawawezi kutoka kujitafutia tiba. Na kabla ya hapo, katika zama za Mtume (S.A.W.), bibi Rufaida aliwauguza majeruhi katika hema lake msikitini Madina. Basi binti wa Mang'ola hazui jambo jipya.

Hata hivyo sitamdanganya mzee wangu kwamba kazi hii ni nyepesi. Ugumu wake mkubwa hautoki kwa wafungwa. Unatokana na kuwa na mabwana wawili: mkuu wa kituo kwa upande mmoja, mgonjwa kwa upande wa pili. Siku itafika ambapo ataambiwa, "Huyu anajifanya mgonjwa," naye kipimo kinasema vinginevyo. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama amelelewa. Asiandike asichokiona, asifiche jeraha alilolikuta mwilini mwa mtu, wala asitoe siri ya mgonjwa ikawa mazungumzo ya kantini. Ama kumhudumia mwanamume, wanazuoni wamelieleza: dharura huruhusu, nayo hukadiriwa kwa kiasi chake.

Nasi tuliobaki nje tuna wajibu wetu. Tusimwite "mke wa jela" wala tusimkwepe kwa hofu ya maradhi. Aliyetoka gerezani na karatasi ya dawa tumsindikize zahanati badala ya kumpisha njiani kama mkosi. Na sisi masheikh tupunguze udhuru wa darsa.

Mzee yule alirudi Ijumaa iliyofuata. Hakusema mengi. Aliniomba tumwombee dua binti yake, na baba huyohuyo aliyekuja kuuliza kama amzuie ndiye aliyempa nauli ya kwenda Arusha kufuatilia maombi yake. Mwenyezi Mungu amjaalie mkono mwepesi na ulimi wa kweli.

Wabillahi tawfiq.