Chapman alipigana peke yake, ukweli ukangoja miaka 16

Mwanajeshi akianguka vitani, nani ana haki ya kusema namna alivyokufa? Kisa cha John Chapman wa Jeshi la Anga la Marekani kinaonyesha kwamba kazi hiyo haifai kuachiwa wakubwa peke yao.

Chapman aliingia jeshini mwaka 1985, akapewa kazi ya kompyuta ofisini. Angeweza kubaki pale. Mwaka 1989 aliomba mwenyewe kuingia katika vikosi maalum, akawa mtu wa kutembea na askari wa nchi kavu na kuongoza ndege kwa redio.

Tarehe 4 mwezi wa tatu 2002, alipelekwa pamoja na makomando wa jeshi la maji juu ya mlima Takur Ghar, Afghanistan, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Walienda kumtafuta mwenzao aliyeanguka kutoka kwenye helikopta. Chapman alipanda mbele kwenye theluji, akavamia handaki la adui, kisha akapigwa risasi. Wenzake waliamini amekufa, wakateremka mlima.

Lakini ndege isiyo na rubani ilikuwa inapiga picha kutoka juu. Kwa kuzichunguza upya, Jeshi la Anga lilifikia uamuzi kwamba Chapman alizinduka, akapigana peke yake karibu saa nzima, na akafa akiikinga helikopta iliyoleta askari wa kuwaokoa wenzake.

Picha hizo zilikuwako tangu usiku ule. Hata hivyo, mwaka 2003 alipewa nishani ya daraja la pili. Nishani kubwa kuliko zote, Medal of Honor, mjane wake aliipokea tarehe 22 mwezi wa nane 2018. Miaka 16!

Watetezi wa wakubwa watasema mitambo ya zamani haikuweza kusafisha picha vizuri. Sawa. Lakini mapema kabisa, afisa aliyechunguza mapigano yale alikwisha kuandika kwamba huenda Chapman alikuwa hai. Swali lilikuwa wazi. Kilichokosekana ni moyo wa kulijibu.

Wengine watasema kumtetea Chapman ni kumchafua kiongozi wa kikosi, Britt Slabinski, ambaye naye alipewa nishani hiyohiyo mwezi wa tano 2018. Hapana. Gizani, chini ya risasi, mtu anaweza kukosea bila kuwa mwoga wala mwongo. Kosa la usiku mmoja linasameheka. Kukaa miaka na shaka ile bila kuimaliza, hilo halina msamaha, maana waliokaa nalo walikuwa ofisini, penye mwanga na usalama.

Chapman hakuihitaji nishani. Mke wake na binti zake wawili ndio waliohitaji ukweli. Jeshi linaloogopa kuchunguza vifo vya watu wake, likihofia jina lake litachafuka, huwa limekwisha kulichafua lenyewe.