Uwanja wa Nyasi na Ndoo ya Maji



Dada yetu mmoja aliyeolewa Magunga, katika Kaunti ya Homa Bay, ametuletea swali. Mbele ya nyumba yake mumewe alipanda nyasi za mapambo. Kila kiangazi zinapogeuka manjano, yeye na binti zake huongeza safari za kuteka maji ili zisife. Angependa kuziondoa, lakini anachelea wakwe na majirani watasema kwamba nyumba imetelekezwa. Afanyeje?

Kwanza, tuitazame dini yetu. Suratul Aaraf, aya ya 31, yatukataza israfu. Naye Anas bin Malik, radhi za Allah zimshukie, amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Ikiwa ibada yenyewe ilipimiwa maji, nyasi zisizoliwa na mtu wala mbuzi zipimiwe ngapi? Uzuri wa nyumba si haramu. Lakini binti anayebeba ndoo wakati wa kudurusu masomo yake ana haki ambayo mgeni aketiye barazani haioni.

Pili, tuitazame ardhi. Nyasi za Kikuyu, ambazo wengi huzipanda, asili yake ni nyanda za juu zenye baridi, ilhali ukanda wa Ziwa Viktoria una joto. Katika Bonde la Lambwe, si mbali na Magunga, iko Mbuga ya Ruma. Nyasi za huko hazimwagiliwi na mtu, nazo ndizo ziwalishazo korongo, wale swala wakubwa ambao nchini Kenya wamesalia huko tu. Mola ameipa kila nchi mimea yake.

Hata bibi zetu wa pwani hawakuhitaji uwanja wa nyasi ili nyumba ipendeze. Walipanda asumini na mrehani uani, wakapata harufu nzuri na maua ya kujipamba.

Basi, dada yetu, anza kwa kushauriana na mumeo. Mkikubaliana, msizing'oe nyasi zote kwa siku moja, kwani mvua kubwa itachukua udongo ulio wazi. Zifunikeni kipande kwa kipande kwa maboksi ya karatasi, na juu yake majani makavu. Zitakufa kwa kukosa mwanga, kisha zitakuwa mbolea. Chipukizi likitokeza, ling'oeni. Mvua za Machi zikianza, pandeni mchaichai ukingoni ili mizizi yake ishike udongo, kunde zitandae katikati, na mgagani na mnavu, ambazo majirani zako Wajaluo huziita dek na osuga. Mrehani na asumini zikae karibu na mlango. Maji ya kutawadhia na ya kuoshea mchele yaelekezwe huko badala ya kumwagwa.

Lakini msiache pakawa kichaka. Bonde la Lambwe limejulikana kwa mbung'o na maradhi ya malale, na mbung'o hupenda vichaka vyenye kivuli. Mimea iwe mifupi, njia ziwe wazi, na kandokando ya ukuta pabaki uwanja uliofagiliwa, nyoka asipate maficho. Bustani iliyotunzwa hivyo haitamfanya mtu aseme nyumba imeachwa.

Mboga za kwanza zikikomaa, mpelekee mama mkwe kabla hujapika zako. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Majirani watakapokuja kukuomba mchaichai wa chai, hofu yako ya leo itakuwa imekwisha, inshaAllah.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.