Mvua ikinyesha Endasak, watoto wetu wanacheza wapi?

Makamanda, leo siongelei tume wala katiba. Naongelea michezo ya watoto, na najua kuna watakaocheka. Cheka, halafu soma.

Mnaoijua Endasak mnajua masika yake. Uwanja unageuka tope, na tope lenyewe linavua watu viatu. Mvua ikikata, Juni na Julai inakuja baridi na upepo wa Mlima Hanang. Wadogo zetu wanabaki na sehemu mbili: ndani gizani, au pembeni mwa lami ya Babati–Singida ambako malori hayana breki za huruma. Jirani yangu ana mtoto wa miaka saba, hatembei. Kiangazi kaka zake wanambeba hadi uwanjani, anakaa pembeni anakuwa refa. Mkali kweli, hahongeki! Mvua ikianza anaachwa kitandani, maana kiti cha magurudumu hakipiti kwenye tope. Refa wetu ndiyo basi hadi kiangazi kingine.

Eti hiyo ni kazi ya mzazi. Ndivyo wanavyojibu, na karatasi wanayo: Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, imeitaja haki ya kucheza na kupumzika, ikaitundika kwenye wajibu wa mzazi au mlezi pamoja na chakula na mavazi. Sawa. Mzazi atanunua daftari, atashona sare. Na ukumbi ajenge yeye? Nchi hii hii iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 inaidai serikali, sio mama muuza mbaazi, itoe fursa sawa za michezo. Desemba 2021 wakazindua programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM (jina peke yake linahitaji ukumbi), ya miaka mitano hadi 2025/26. Nionesheni paa lake hapa kwetu.

Dar mtoto wa mwenye hela analipiwa kiingilio, anaruka ndani ya jengo la maduka, inyeshe isinyeshe.

Sisi hatudai vioo. Ukumbi mmoja wa kata: paa, sakafu ya saruji, mlango mpana, mteremko badala ya ngazi, choo ambacho refa wetu anaingia na kiti chake, mikeka, mipira, benchi la kina mama na bibi. Na mtu asituambie ni anasa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka mlimani likaua zaidi ya watu 80 Katesh, Gendabi na jirani zake, walionusurika walihifadhiwa kwenye madarasa, na madarasa hayo yalikuwa yanasubiri wanafunzi wa Januari. Ukumbi wa watoto ungewapokea.

Hela? Ushuru wa mahindi na mbaazi hatujaacha kulipa hata msimu mmoja.

Novemba 2024 walituengulia wagombea. Mkutano mkuu wa kijiji hawawezi kutuengua: kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Ukiitishwa, nendeni. Ombeni mapato na matumizi yasomwe, halafu ukumbi uandikwe kwenye muhtasari. Mimi nitakuja na jirani yangu, na refa tutambeba.