Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kenya na Tanzania: vinyama vya umio visipotee

Waheshimiwa,

Saratani ya umio imeukalia ukanda wetu wote, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Bomet, Eldoret na Moshi wanaijua vizuri. Mgonjwa huanza kushindwa na ugali, kisha uji, mwisho hata maji hayapiti. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wamo vijana ambao hawajatimiza miaka 30.

Siku hizi kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe kinaweza kueleza zaidi ya jina la ugonjwa. Maabara hukipaka kingamwili zinazonasa protini fulani na kuitia rangi, kisha mtaalamu wa patholojia hukisoma kwa hadubini. Ki-67 huonyesha kasi ya seli kugawanyika. P53 hudokeza jeni lililoharibika. Yenye uzito zaidi kwa sasa ni PD-L1. Katika jaribio la CheckMate 648, lililochapishwa mwaka 2022, walishiriki wagonjwa 970 wenye saratani ya seli bapa, aina ile ile iliyoenea kwetu. Kuongeza dawa ya nivolumab kwenye kemotherapi kulirefusha maisha, hasa kwa wale ambao seli za uvimbe wao zilikuwa na PD-L1. Asilimia 70 hivi ya wagonjwa wa jaribio hilo walitoka Asia.

Watu wetu nao wanastahili kujulikana hivyo. Ila msianze kwa kununua mashine. Si kila kipimo kinatufaa: protini ya HER2, kwa mfano, ina maana hasa kwenye saratani ya seli za tezi, ambayo huku ni nadra. Na tafiti za p53 zimepingana kwa miaka mingi, kwa sababu mojawapo kwamba kila maabara hutumia kingamwili yake na kipimo chake cha kusema protini ipo au haipo.

Anzeni na chupa ya fomalini. Kinyama kikikaa nje kabla ya kulowekwa, au kikisahauliwa humo wiki nzima, protini huharibika, na majibu yatasema haipo kumbe ipo. Kila chumba cha endoskopi kiwe na fomalini sahihi ya asilimia 10, saa ya kulowekwa iandikwe, na vipande vilivyogandishwa kwenye nta vitunzwe mahali pakavu badala ya kutupwa.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Protini haiwezi kutabiri lolote kama hatujui mgonjwa aliishia wapi. Mtu akiwekewa kibomba cha kupanua umio, hurudi kijijini, hufariki huko, na faili lake hubaki wazi milele. Naibu chifu au mtendaji wa kijiji ana habari ya msiba huo, hospitali haina. Muuguzi mmoja mwenye simu na orodha ya wagonjwa angeziba pengo hilo kwa gharama ndogo sana kuliko mashine yoyote ya maabara.

Tunawaomba mtoe agizo la mambo hayo mawili, utunzaji wa vinyama na ufuatiliaji wa wagonjwa, na mlitengee fungu kabla bajeti ijayo ya afya haijasomwa bungeni.