Jina la Shamba Halitoshi

Baadhi ya chupa za divai nyekundu kutoka Chile hubeba jina la shamba moja la mizabibu. Mwuzaji hutuambia kwamba zabibu zote zilichumwa humo, na kwamba ladha ya divai hiyo ni ladha ya ardhi ile. Hayo ni madai ya kisayansi, nayo hayana budi kupimwa.

Hatukatai kwamba mahali huathiri zao. Mabonde ya Maipo, Cachapoal na Colchagua yamo kati ya milima ya Andes na Bahari ya Pasifiki, ambako mkondo baridi wa Humboldt huipoza hewa ya pwani. Kiangazi ni kikavu. Mchana huwa na joto na usiku huwa na baridi. Udongo wa changarawe hupitisha maji upesi, na ule wa mfinyanzi huyahifadhi. Mambo hayo hubadili ukubwa wa tunda, sukari na asidi yake. Lakini mzizi haufyonzi ladha ya jiwe. Hufyonza maji na madini yaliyoyeyuka. Anayetaka kuisifu ardhi sharti kwanza aujue mmea.

Historia ya Chile yenyewe yathibitisha jambo hili. Katikati ya karne ya 19 wenye mashamba waliagiza vipando kutoka Ufaransa. Baadaye filoksera, mdudu mdogo anyonyaye mizizi, aliangamiza mashamba mengi ya Ufaransa, na aina iitwayo Carménère ikakaribia kutoweka huko. Chile ilisalimika. Carménère ikastawi humo, ila ilichanganywa na Merlot na kuitwa kwa jina hilo.

Mwezi Novemba 1994, mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot aliikagua mizabibu ya shamba moja la bonde la Maipo, akatambua kwamba iliyoitwa Merlot ilikuwa Carménère. Ikadhihirika kwamba kosa hilo lilikuwa limeenea nchini. Mwaka 1998 Chile iliitambua rasmi aina hiyo.

Kosa hilo halikuwa la jina tu. Carménère huiva majuma kadhaa baada ya Merlot. Zilipochumwa pamoja, zabibu mbichi za Carménère zilitia divai ladha kama ya pilipili hoho ya kijani, itokanayo na kemikali ambazo hupungua kadiri tunda linavyoiva. Mwonjaji angeweza kudai kwamba hiyo ndiyo tabia ya udongo wa Chile, kumbe ni tunda lililochumwa kabla ya wakati wake.

Kwa maoni yetu, jina la shamba lina thamani pale tu linapofuatana na maelezo ya aina za zabibu na kiasi cha kila moja. Sheria ya Chile huruhusu divai kuitwa kwa aina moja ikiwa asilimia 75 yake ni ya aina hiyo. Mnunuzi anayetozwa zaidi kwa ajili ya jina la shamba anastahili kuijua pia ile robo iliyobaki.

Nao walimu wasiifanye elimu ya kuainisha viumbe kuwa kazi ya kukariri majina. Wawape wanafunzi majani ya mihogo ya aina mbili, wayalinganishe na kueleza tofauti zake. Macho yaliyozoezwa hivyo ndiyo yaliyogundua kosa lililodumu Chile kwa zaidi ya miaka mia moja.