Baiskeli Ina Spea, Kichwa Hakina

Msimu wa korosho ukifika, baiskeli hapa kwetu haipumziki. Hubeba gunia hadi ghala la chama cha msingi. Hubeba nazi, muhogo, na samaki wa Msimbati. Hubeba pia mama na mtoto kuja zahanati. Njia za pwani zina mchanga mwingi. Gurudumu la mbele likizama, baiskeli husimama ghafla, lakini mtu hasimami. Hutangulia kichwa. Kule Newala mtu huteremka kuelekea bonde la Ruvuma, mzigo ukimsukuma kutoka nyuma, na breki zimekwisha.

Mtazame mtu huyo. Baiskeli yake ina kengele, taa na keria ya chuma. Kichwani ana barakashia. Barakashia ni vazi la heshima, lakini haizuii jiwe.

Wengine husema helmeti ni ya pikipiki, baiskeli ni ya polepole. Sikubali. Kuanguka kutoka juu ya baiskeli kunatosha kupasua kichwa. Mguu ukivunjika tunaufunga, nao huunga. Ubongo ukiumia, mara nyingi mtu harudi kama alivyokuwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 askari mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki bila helmeti, akafa baada ya siku 6. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, akaanza kuchunguza vifo vya askari wa pikipiki. Mwaka 1941 aliandika kuwa helmeti huokoa. Uchunguzi wa nchi nyingi uliokusanywa mwaka 2008 ulionyesha hivi: kati ya waendesha pikipiki 100 ambao wangekufa ajalini bila helmeti, kama 42 wangepona kama wangeivaa.

Lakini si kila kofia ngumu ni helmeti ya barabarani. Ile ya mafundi wa ujenzi huzuia kitu kinachoanguka kutoka juu. Ukianguka wewe, huruka kabla kichwa hakijafika chini. Unaponunua helmeti, tazama ndani. Lazima kuwe na povu gumu, kama lile linalozunguka televisheni mpya katika boksi. Povu hilo hubonyea badala ya fuvu lako. Ukiona plastiki na kitambaa tu, muuzaji anakuuzia bakuli. Helmeti iliyokwisha gonga chini kwa nguvu usiinunue, hata kama inang'aa. Povu likishabonyea, kazi yake imekwisha. Ndiyo maana mimi naziogopa za mitumba. Helmeti ya baiskeli ni nyepesi na ina matundu ya hewa. Hiyo usipande nayo pikipiki.

Ijaribu dukani, usione haya. Ukingo wake ukae vidole 2 juu ya nyusi. Funga mkanda chini ya kidevu, hadi vidole 2 tu vipite. Kisha mwenzako aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka, tafuta nyingine. Vijana wa bodaboda huitundika kwenye usukani, wakaivaa wakimwona trafiki. Usukani hauna ubongo.

Akina mama hulalamika kuwa helmeti ya abiria ina jasho la watu wengi na huleta mapunye. Wana haki. Njoo na kitambaa chako safi, chepesi, ukivae ndani. Kilemba kinene huifanya helmeti ikae juu juu.

Sasa shingo. Wapo wanaoamini helmeti huvunja shingo kwa uzito wake. Uchunguzi haukuthibitisha hivyo kwa mtu mzima. Mtoto wa chini ya mwaka 1 ni tofauti. Shingo yake ni dhaifu, helmeti humlemea, na mtikiso humdhuru. Asipandishwe baiskeli. Najua zahanati iko mbali. Basi angalau mama ashuke kwenye mchanga na kwenye mteremko.

Wanaoshindana kuteremka milima kwa baiskeli, kule Ulaya, wengine huvaa kinga ya shingo. Sisi tusihangaike kuitafuta. Tufunge ncha za kanga na ushungi, zisifike kwenye spoku. Gurudumu likizivuta, zitakaba shingo ya aliyezivaa.

Mtu akianguka, shingo yake iko mikononi mwenu. Msimvute mkono, msimkalishe, msimbane katikati ya watu wawili juu ya bodaboda. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa na akishike kwa mikono 2 kisigeuke. Kama anapumua vizuri, helmeti ibaki. Akitapika, watu 3 au 4 wamgeuze kwa pamoja, mwili wote, kama gogo. Ng'oeni mlango mumlaze juu yake. Mlango utarudishwa. Akizimia, akitokwa na damu masikioni, au miguu ikikosa hisia, tafuteni gari la kumfikisha Hospitali ya Ligula. Mkifika, mwambieni mganga saa aliyoanguka, na kama alipoteza fahamu hata kidogo.